Ua la Mejumaa na Wale Waliojua Kusoma

Hitma ya mama mdogo Mejumaa ilisomwa Ijumaa, na Bi Rukia akaja kula. Alivuka feri na magoti yake mabovu, akashikiliwa na wajukuu, akaketishwa kwenye jamvi mahali penye upepo, akasogezewa sinia. Alikula vizuri. Mtu wa umri wake kula namna ile ni neema, wala simwonei gere. Lakini alipomaliza kulamba vidole alinigeukia mimi, niliyekuwa nimeketi karibu yake kwa bahati mbaya, akaniambia kwa ile sauti ya upole ambayo watu huitoa kwenye matanga: "Marehemu alikuwa na mikono mizuri, mwanangu. Alipakwa hina ikampendeza. Mungu amrehemu."

Niliitikia amina kwa ajili ya Mejumaa, si kwa ajili yake. Kisha nikaenda uani kunawa, nikakaa huko mpaka wageni wakaisha. Sijui kama amesahau au anajifanya. Umri wake unamruhusu kusahau, na tabia yake inamruhusu kujifanya. Mimi sikusahau. Nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, meno ya mbele yameng'oka, lakini nilikuwepo, tena ndani ya chumba, na sitawaachia watu wa hitma wanitungie upya maisha ya mama yangu mdogo kwa sababu tu wameshiba.

Mejumaa alikuwa mdogo wake mama, kitinda mimba wa Babu na Bibi, na alifanya kazi ya kufua na kupiga pasi katika hoteli moja ya Diani. Kijijini kwetu, nyuma ya Msambweni, kazi ya hoteli ilitajwa kwa kupinda mdomo. Msichana wa hoteli, walisema, halafu wananyamaza ili msikilizaji ajazie mwenyewe. Hao waliopinda midomo ndio waliokuwa wa kwanza kubisha hodi kuuliza kama kuna mashuka makuukuu yanayotolewa, au vile vipande vya sabuni vilivyoachwa na wageni. Mejumaa aliwapa. Nilimwona akiwapa, na niliwaona wakiondoka na mashuka yamekunjwa kwapani, midomo imeshaanza kupinda tena kabla ya kufika barabarani.

Jioni moja aliteremka kwenye basi la wafanyakazi akiwa na ua ndani ya jani la mgomba lililoloweshwa maji. Watunza bustani wa hoteli walimpa. Waliliita airisi, kwa kuwa ndivyo wageni walivyoliita, na sisi hatukuwa na jina lake wala hatukulihitaji mpaka siku hiyo. Lilikuwa na petali tatu kubwa nyeupe zilizolala wazi. Karibu na kitovu cha ua, weupe ule ulikatika ghafla, ukawa rangi ya asali, na juu ya asali hiyo kulikuwa na mistari myembamba ya kahawia iliyokatiza, na vitone. Ndani yake kulikuwa na petali nyingine tatu ndogo za samawati, zimejikunja kwa nje, kila moja ina mistari ya zambarau iliyosimama wima, inaanza mbalimbali juu na kukusanyika chini kuelekea katikati.

Sikuamini kwamba kitu kile kimeota. Nilijua maua: asumini, kilua, mwangaluchi, yale mekundu ya ua wa shule. Yote yalikuwa na rangi moja, na kama yalikuwa na mbili, ziliingiana zenyewe polepole. Hili lilikuwa na mistari iliyopigwa. Nikakata shauri kwamba hoteli za Diani zina mtu anayepita asubuhi na kalamu akiyachora maua kabla wageni hawajaamka, ndiyo maana wageni wanalipa pesa nyingi vile. Nikalowesha kidole kwa mate nikasugua. Rangi haikutoka. Nikamwuliza mama mdogo ni nani aliyelichora.

"Yuleyule aliyekutia wewe kidoti shavuni," akasema.

Lilikuwa limeshaanza kunywea tayari, maana ua lile huishi siku moja tu. Kabla halijafa, Riziki alikuja. Riziki alikuwa shoga yake Mejumaa, mpakaji hina, aliyekuwa akiwapaka watalii ufukweni na maharusi majumbani. Alipiga magoti mbele ya lile ua, akachukua kipande cha mkaa, akaliiga kwenye sakafu ya uani mstari kwa mstari huku akinisukuma kila nilipomzibia mwanga. Alipomaliza alisema siku ya harusi ya Mejumaa atampaka ua hilo na lingine lolote hatakubali. Bibi akalalamika kwamba sakafu yake imechafuliwa. Ua la mkaa lilikaa pale mpaka mvua ilipolisafisha.

Harusi ikaja. Mchumba aliitwa Swalehe, karani katika ofisi moja ya serikali pale Kwale mlimani. Mejumaa alikutana naye alipokwenda kushughulikia kitambulisho chake, na alimtaka mwenyewe. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye watu walidai kwamba alikuwa akilazimishwa, au kwamba hakumpenda tangu mwanzo. Alimpenda. Alipokuwa akipiga pasi buibui lake la kwendea Kwale alikuwa akiimba, na Mejumaa hakuwa mtu wa kuimba ovyo. Mimi nami nilimpenda Swalehe kwa kuwa aliniletea peremende. Alitembea na kalamu mbili mfukoni mwa shati, ya buluu na nyekundu, na ukimwamkia alizigusa kwanza kuhakikisha zipo. Nikimkumbuka siku hizi naona kalamu tu, uso umenipotea.

Kwao ni ng'ambo, Mombasa, na shangazi yake ndiye aliyemlea. Huyo ndiye Bi Rukia. Siku ya posa aliingia kwetu akiinua pindo la buibui kana kwamba uwanja wetu una matope, na ilikuwa kiangazi. Alikaa kwenye kiti kilichofutwa, akakifuta tena. Aliuliza kama binti bado anafanya kazi ile ya hoteli. Babu akajibu haraka kwamba ataacha. Mejumaa hakuulizwa, na mimi nikadhani kwamba ataacha kwa kupenda, kwa sababu Babu alisema kwa uhakika mkubwa mno. Babu alikuwa mtu wa kusema kwa uhakika mbele ya wageni.

Hina alipakwa siku moja kabla ya nikahi. Ikichanganywa hina mahali popote, ile harufu ya majani mabichi na ndimu na mafuta ya mkalitusi, narudi kwenye chumba kile cha Bibi chenye dirisha moja. Mejumaa alikaa kwenye mkeka, mikono imewekwa juu ya mito, na Riziki ameinama na koni yake ya nailoni akikamua uzi mwembamba wa hina pasipo kuinua uso. Alianza kwenye vifundo vya mikono, akapanda mpaka karibu na kiwiko, kisha akarudi kwenye mgongo wa kiganja, na hapo ndipo alipoliweka lile ua. Petali tatu wazi. Mistari iliyosimama ikikusanyika chini. Vitone vyake akavitia kwa piko, vyeusi, kimoja kimoja, akishusha pumzi kila baada ya kitone.

Kabla hajaanza alimwuliza Mejumaa kama alifiche jina la Swalehe ndani ya nakshi. Mchezo huo ulikuwa umeingia kutoka kwenye kanda za video za Kihindi: jina la bwana harusi linafichwa mkononi, wanawake wa upande wake wanakuja kulitafuta, wakilipata wanapiga vigelegele. Mejumaa alikataa. Alisema yeye si sufuria ya shughuli, aandikwe jina la mwenyewe chini isije ikapotea. Tukacheka sote, hata Bibi alicheka, ingawa masufuria yake yote yalikuwa na jina la Babu limekwanguliwa kwa msumari.

Riziki alipoondoka, Bibi aliniita akanipa kazi. "Kaa na mama yako mdogo, Saumu," alisema. "Mwangalie asije akaharibika." Nikakaa. Nilifukuza nzi na kuku. Nilimnywesha maji, nikamkuna pua, nikamfunga mtandio ulipomteleza. Alipotaka kusinzia nilimwamsha, nikamwambia ataharibika. Sijawahi kupewa kazi kubwa kama ile na sijawahi kuifanya vizuri vile. Kesho yake asubuhi hina ilipobanduliwa na kupakwa mafuta, rangi ilikuwa imeiva, ya kahawia iliyokolea, na hakuna hata mstari uliokwenda upande.

Wageni wa ng'ambo walifika mchana. Wanaume walikaa chini ya turubai uwanjani, wanawake wakaletwa chumbani kumwona bibi harusi. Mejumaa alikaa kitandani akiwa ameinamisha kichwa, kama inavyotakiwa, macho chini na mdomo umefungwa. Bi Rukia hakumsalimia. Aliuchukua mkono, akausogeza dirishani, akatoa miwani kwenye pochi, akaanza kutafuta jina la mtoto wa kaka yake. Alitafuta kwa kidole, akifuata kila mstari. Wenzake walimzunguka wakiwa tayari kupiga vigelegele. Aliligeuza lile ua huku na huku, kisha kidole chake kikasimama.

"Hii ni shini," alisema.

Alionyesha. Mistari mitatu iliyosimama ya petali moja, hayo ni meno ya herufi sini ya Kiarabu. Vitone vitatu juu yake, basi hiyo ni shini, mtoto yeyote wa chuoni anaijua. Na Swalehe huandikwa kwa swadi. Alivua miwani akaifuta, akaivaa tena, akarudia kwamba Swalehe ni swadi. Riziki, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la visheti, alieleza kwamba lile ni ua, ua kutoka bustani ya hoteli, ndivyo lilivyoumbwa.

"La hoteli," alisema Bi Rukia. "Na ua gani lina nukta tatu?"

Hapo wote wakapata akili. Sijawahi kuona watu wakipata akili kwa wingi na kwa haraka namna ile. Mmoja alisema ni Shabani, bila shaka, maana alisikia kuna Shabani anayefanya kazi Diani, kana kwamba Diani nzima kuna Shabani mmoja. Mwingine alisema ni Shee. Binti mmoja aliyesoma sekondari akasema pengine wanakosea upande, isomwe kwa herufi za kizungu, na hapo aliona dabliu. Basi atakuwa mzungu, William au kitu kama hicho. Mwenzake akaukamata mkono na kuugeuza kichwa chini, akapata emu. Walipofika kwenye emu, mama mdogo alikuwa na wapenzi wengi kuliko hoteli ile ilivyokuwa na vyumba, na hakuna aliyeona ajabu kwamba kila mtu anasoma jina lake. Kutokuelewana kwao kulizidi kuwathibitishia.

Nimesoma baadaye, ukubwani, kwamba mistari ile kwenye petali za airisi ni alama ya njia. Inamwelekeza nyuki mahali utamu ulipo, ndiyo maana yote inakusanyika katikati. Nyuki hutua, hufuata mstari, huingia, hufanya shughuli yake, huondoka. Kichwa cha nyuki ni kidogo sana, na hata hivyo hajawahi kukaa juu ya ua akauliza hii ni ya nani. Naona haya kuwalinganisha wale wanawake na nyuki, kwa heshima ya nyuki.

Mimi wakati huo sikuelewa kitu. Nilidhani mchezo umekwenda vibaya kwa kuwa jina halikupatikana, na kwamba watu wa ng'ambo hawapendi kushindwa. Nikatumwa kupeleka sharubati uani. Huko nikamkuta Bi Rukia ameketi na Bibi, na Babu ameitwa kutoka kwa wanaume, amesimama na kofia yake mkononi. Bi Rukia alikuwa akizungumza chini chini. Nilisimama na sinia kwa sababu hakuna aliyechukua gilasi, na nilisikia maneno yake. Alisema hataki kumtia mtoto wake katika aibu. Alisema: "Huyu binti ameharibika, na mkono wake mwenyewe umesema." Alisema amekuja na mkunga wake, mtu mzima mwenye siri, basi huyo amkague kabla ya nikahi, na akimkuta salama, yeye Rukia atakuwa wa kwanza kupiga vigelegele.

Bibi alianza kulia. Babu aliangalia kofia yake. Nilimngoja aseme kitu kwa uhakika, kwa kuwa wageni walikuwepo. Akasema: "Basi na aangalie, ili mambo yaishe."

Nilikuwa nimekabidhiwa kazi moja, na sasa mgeni mzima kutoka Mombasa alikuwa amegundua palipoharibika. Nililitua sinia chini nikakimbia chumbani. Mejumaa alikuwa peke yake. Wale wengine walikuwa wamekwenda kunong'ona barazani. Nilimwambia yote kwa pumzi moja. Nilimwambia Bi Rukia anasema ameharibika, na kuna bibi anakuja kumkagua, na Babu amekubali. Nikamwomba anionyeshe haraka ni wapi, nimwite Riziki apatengeneze kwa piko kabla hawajafika.

Mejumaa aliinua kichwa. Aliniuliza kama nina hakika kwamba Babu amekubali. Nikasema ndiyo, amesema na aangalie ili mambo yaishe. Aliniangalia, na uso wake ulibadilika mbele yangu, ukawa uso wa mtu mkubwa. Nilikuwa sijajua bado kwamba ulikuwa wa msichana mpaka pale ulipoacha kuwa hivyo. Aliinyoosha mikono yote miwili mbele yangu, akaigeuza.

"Tazama wewe, Saumu. Umekaa nami siku nzima. Pameharibika wapi?"

Nilitazama kila mstari. Nikamwambia hakuna.

"Basi Riziki asisumbuke," alisema. "Tia komeo."

Nikatia komeo. Walikuja wakabisha, kwanza kwa vidole, halafu kwa ngumi. Bi Rukia aliita kwa jina, Bibi akaita huku analia, na yule mkunga mwenye siri akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani kwamba anayejificha ana cha kuficha. Mejumaa aliketi kitandani. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango kwa mgongo, nikisikia mbao zikinigonga mabegani, na nilijawa na fahari kwamba namlinda asije akaharibika. Waliponyamaza ilikuwa ni kwa sababu sala ya alasiri ilikuwa imekwisha, na wanaume walikuwa wamerudi kutoka msikitini, na shekhe alikuwa anataka idhini.

Kwa asiyejua: kabla nikahi haijafungwa, baba huenda na mashahidi kwa binti yake, akamwuliza kama amekubali kuozwa fulani. Mwari hatakiwi kupiga kelele. Akinyamaza, kimya chake ndiyo idhini yake. Imewekwa hivyo kwa kumhurumia mwenye haya. Lakini nimewaona watu wengi wakiitumia kwa namna nyingine, wanauliza haraka na kugeuka haraka zaidi, kabla mtu hajapata nafasi ya kumeza mate.

Nilifungua komeo kwa amri ya Mejumaa. Babu aliingia na jirani yetu Mzee Mbwana na shahidi wa upande wa pili. Babu aliuliza akiwa anatazama ukuta: amemkubali Swalehe? Mejumaa alikuwa ameinamisha kichwa. Kimya kilikuwa kifupi kuliko ninavyokieleza. Babu akashusha pumzi na kusema, "Amekubali," na miguu yake ilikuwa imeshageuka mlangoni.

"Baba," alisema Mejumaa, "sijajibu."

Shahidi wa ng'ambo alikohoa. Mejumaa alisema anamtaka Swalehe, hajapata kumtaka mwingine, na atasema ndiyo kwa sauti watu wa barabarani wasikie. Ila kwanza Swalehe aje hapo mlangoni. Asiingie, asimame tu. Autazame mkono, aseme mbele ya shangazi yake ameona nini. "Akiona jina," alisema, "mwache aondoke, na mimi sitamlaumu. Akiona ua, aseme ni ua. Sina haja ya mahari nyingine."

Swalehe alikuwa amekaa chini ya turubai, umbali wa kurusha kokwa la embe. Kutoka dirishani nilimwona na kanzu yake mpya na joho. Mzee Mbwana alimwendea, akainama, akamnong'oneza. Bi Rukia alikuwa amesogea mpaka kwenye pembe ya turubai, akasimama na pochi yake. Swalehe alimtazama shangazi yake. Akatazama kandambili za watu zilizopangwa. Mkono wake ulikwenda kifuani, mahali ambapo siku zote hukaa kalamu, haukukuta kitu, ukarudi chini. Kisha akamjibu Mzee Mbwana maneno machache bila kusimama.

Mzee Mbwana alirudi akayatoa vile vile alivyopewa: kwamba bwana harusi anasalimia, kwamba shangazi ni mtu mzima asibishwe mbele za watu, basi nikahi ifungwe kwanza, ya hina yatazungumzwa nyumbani. Na ikiwezekana, bibi harusi avae glavu.

Mtu aliyesomea kazi ya kusoma. Asubuhi hadi jioni anasoma miandiko ya watu wasiojua kuandika, anaielewa yote, anaipiga mihuri. Hakuweza kutembea hatua chache aje asome ua. Nimewahi kumtetea moyoni, nilipokuwa msichana na nikijaribu kuwa mwema: yatima, kalelewa na shangazi, heshima na mambo kama hayo. Nimeacha. Ipo heshima, na upo uoga uliovaa joho.

Mejumaa alisikiliza mpaka mwisho. "Basi mwambieni sikubali," alisema.

Babu alimwambia uwanja umejaa watu. Akajibu kwamba anajua, anawasikia. Babu akamwuliza tena kama amekubali, safari hii akimtazama, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. Mejumaa aliinua kichwa, kitu ambacho bibi harusi hafanyi, akasema kwa utaratibu, "Baba yangu, sikubali," na mashahidi wote wawili wakasikia, na mimi nikasikia. Shekhe alipoambiwa alifunga kitabu chake na kuomba maji ya kunywa.

Ungedhani watu waliodhalilishwa kiasi hicho wangepanda magari yao na kwenda. Walikula kwanza. Pilau lilikuwa limeiva, na haingefaa riziki ya Mungu itupwe, alisema mmoja wao. Yule mkunga mwenye siri alifungiwa na ya kubeba. Bi Rukia aliwaaga wenyeji akiwa na punje moja ya wali imemganda kidevuni, akiwaambia majirani kwamba Mungu amemwepusha mtoto wake, na majirani, wale wa mashuka na sabuni, wakaitikia kwamba kweli, amemwepusha. Wali wa nani walikuwa wakiutafuna, hilo halikuwajia.

Jioni ile neno lilikuwa limeshazunguka kijiji. Anayekataa ndoa mbele ya mashahidi ana lake, walisema. Bibi aliketi mlangoni mwa chumba akilia kwamba nani atamchukua sasa, na kweli, niliseme, miaka mingi ilipita kabla hajaja wa kumchukua. Babu hakusema naye mpaka mwezi ulipoandama. Bibi alikopa glavu nyeusi kwa mke wa imamu, akaziweka juu ya kitanda, akamsihi azivae kila atokapo mpaka hina ifutike, wala si muda mrefu, wiki chache tu, watu watasahau. Mejumaa alizikunja vizuri akamwomba Bibi azirudishe.

Asubuhi alinishika mkono, tukaenda dukani kununua sukari. Hatukuwa na haja ya sukari. Mikono ya buibui aliikunja mpaka viwiko, na tulipita njia ndefu, ile ya mbele ya nyumba za watu, saa ambayo wanawake wanafagia na kuchota maji. Kila mama aliyemzidi umri alimwendea mpaka alipo. Alimnyooshea mkono, mgongo wa kiganja juu, ua wazi na mistari yake yote na vitone vyake, akasema, "Shikamoo." Waliacha mafagio. Waliupokea mkono ule mmoja baada ya mwingine, wakasema marahaba huku wakitazama mchanga, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuusoma.